Unaonaje, Bibi?

Macho yangu yalianza kuniharibikia wakati mjukuu wangu Swabir yuko Korea, na alipomaliza masomo akarudi nyumbani Gazi, jicho la kulia lilikuwa limejaa ukungu kama kioo cha dirisha la jikoni. La kushoto lilikuwa likimfuata mwenzake. Ukili wa mikeka nilisuka kwa kupapasa. Mchele niliuchambua kwa kupapasa pia, na waliokula kwangu walitafuna kwa hadhari. Siku moja nilipita kwa jirani nikatoa salamu ndefu, nikauliza watoto, nikauliza mgongo, nikauliza yule mbuzi aliyekuwa akiumwa, kumbe niliyekuwa nikizungumza naye ni buibui lililoanikwa kwenye kamba. Jirani mwenyewe alikuwa chooni, akanisikia mwanzo mpaka mwisho, na hadi leo tukikutana njiani huniambia buibui lake linanisalimu.

Daktari wa macho alikuwa ameshasema lake. Binti yangu Twaiba, ambaye ndiye mama yake Swabir, anafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja kule Diani, na siku yake ya mapumziko alinipeleka nikapimwe. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atolewe, na nisikawie, kwa sababu akikomaa mno kazi huwa ngumu na jicho linaweza kupotea lote. Nikamwambia Twaiba namngoja mume wangu arudi.

Mume niliyemkusudia ni huyo Swabir. Mume wangu wa nikaha, Iddi, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini Swabir nilimwita mume tangu anatambaa, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na alipoota meno akanijibu kwa cheo hichohicho. Akitoka shule akakuta sijapika, husimama mlangoni mikono kiunoni, kaptura imemshuka, akanitisha kwamba ataoa mwengine. Nami humwambia aoe tu, lakini huyo mwengine ajue mume mwenyewe bado anakojoa kitandani. Ndivyo tulivyoishi mimi na yeye. Kwa hiyo nikaapa kwamba siku nitakayopasuliwa jicho, mkono wangu utashikwa na mume wangu, si mtu mwengine. Twaiba alinung'unika sana. Alisema jicho halingoji ndege ya mtu. Nikamwambia nimengoja mengi maishani mwangu, hili nalo nitalingoja.

Chuo alichosomea Swabir sijapata kukielewa mpaka leo. Alipata ufadhili wa chuo kisichokuwa na jengo. Tulipomwuliza kiko wapi, alisema kiko kila mahali. Wanafunzi wanakaa nchi moja miezi kadhaa, wanapanga nyumba, wanasomea kwenye kompyuta, kisha wanafunga mizigo wote pamoja na kuhamia nchi nyengine. Mwalimu wa madrasa, Mzee Mwero, aliniuliza mjukuu wangu anasoma wapi, nikamwambia Korea. Akaja akaniuliza tena, nikamwambia Ujerumani. Mara ya tatu nikamwambia Argentina, akaniangalia kama mtu anayedanganya na hajaupanga uongo wake sawasawa.

Basi akarudi. Shikamoo yake ilikuwa palepale, nikamshukuru Mungu. Akanikumbatia kwa nguvu, nikamnusa, hakunuka uzunguni wala nyumbani, alinuka sabuni tu. Lakini alirudi na mambo. Jikoni kwangu aliweka ndoo tatu, moja ya maganda, moja ya plastiki, moja ya karatasi, akanifundisha kipi kiingie wapi, na zote tatu zikaenda kumwagwa kwenye shimo lilelile nyuma ya nyumba, maana hapa Gazi hapaji lori la kuchukua maganda peke yake. Asubuhi alifyonza chai ya majani machungu ya Argentina kutoka kwenye kibuyu kwa mrija wa chuma. Nilionja nikadhani ni dawa ya minyoo. Akimpita mbuzi njiani anamwomba samahani. Nikimtilia chai anasema asante, nikimwongezea sukari anasema asante, nikiiondoa gilasi anasema asante, mpaka nikamwuliza kama kuna mahali nimeandikwa kazi ya uhudumu.

Hayo niliyavumilia. Lililonishinda ni hili neno lake la "unaonaje".

Kila jambo lilikuja na unaonaje. Bibi, unaonaje, tule sasa au baadaye? Bibi, unaonaje nikifungua dirisha? Unaonaje nikienda msikitini kwa baiskeli? Mwanzo nilimjibu. Kisha nikawa namwambia, "Mimi sioni. Ungeuliza mwenye macho." Alicheka mara ya kwanza, mara ya pili akaguna, baadaye akawa anaomba msamaha na kuniuliza upya kwa maneno mengine ambayo mwishowe yalikuwa ni unaonaje vilevile.

Lilipokuja suala la jicho, ndipo nilipotamani kumpiga kwa mwiko. Niseme haki yake, alijitahidi. Alizungumza na daktari kwa simu. Alisoma kila kilichoandikwa juu ya mtoto wa jicho. Akaja akaketi karibu yangu ukumbini, akatoa simu, akanionyesha picha za jicho lililokatwa katikati kama limau. Mtu asiyeona anaonyeshwa picha. Nikatikisa kichwa kama mtu anayefuata. Akasema katika watu mia, wengi mno wanaona vizuri baadaye.

Nikamwuliza, "Na waliobaki?"

Angeweza kuniambia waliobaki Mungu anawajua. Babu yake angenijibu hivyo. Yeye akanieleza mmoja mmoja: huyu aliingiwa na usaha, yule presha ya jicho ilipanda, yule mwengine utando ulijirudia. Akanieleza kwa upole, sauti ya chini, kama anayemsomea mtoto hadithi, na alipomaliza kunijaza hofu mpaka kooni, akaniwekea mkono begani akaniuliza, "Unaonaje, Bibi?"

Nilikuwa naogopa kisu. Hilo sikumwambia mtu. Nilikuwa nikilala naliona, na ajabu ni kwamba vitu vyote nilikuwa sivioni ila hicho kisu. Mtu mwenye hofu hana haja ya hesabu ya watu mia. Anataka mmoja amshike mkono, amwambie twende, amvute. Neno lenyewe ni fupi. Twende. Nilikuwa nimelingoja tangu yuko Korea, na yule niliyemngoja alilizunguka kama paka anayezunguka bakuli la maziwa ya moto.

Nikamrahisishia. Nilimwambia mume wa watu angekuwa ameshaniburura zamani.

"Bibi, jicho ni lako," akasema. "Mimi siwezi kukuamulia. Nimekaa na watu wa kila aina huko, na kitu kimoja nimejifunza, mtu mzima haamuliwi mambo ya mwili wake."

"Mimi si mtu mzima. Mimi ni mke wako."

Akakohoa kidogo. Akanieleza, tena kwa adabu, kwamba kule Ujerumani aliwahi kuwasimulia wanafunzi wenzake kuwa ana bibi anayemwita mume, akidhani watacheka, wakaangaliana. Mmoja akamwuliza kama alishawahi kuzungumza na mtaalamu juu ya jambo hilo. Tangu siku hiyo utani ule ukamkaa vibaya, akaona bora tuuache.

"Wewe waniitaje?" nikamwuliza.

"Bibi."

"Bibi ni nyanya, na bibi ni mke. Ulimi wako mwenyewe umenioa, na hao Wajerumani hawakuwapo kwenye harusi."

Aliguna, nikajua amecheka kwa ndani. Lakini hakunijibu kama mume. Alisema ananiheshimu mno. Heshima hiyo ilinitia baridi. Nilihisi kama ninayezungumza naye yuko ng'ambo ya kaunta.

Twaiba, kwa kuchoka na sisi, akachukua nafasi hospitali bila kumngoja mtu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Aliomba ruhusa kazini ili atoke Diani moja kwa moja atukute hukohuko hospitalini, na akampangia dereva wa tuk-tuk aje kutuchukua. Kazi ya Swabir ilikuwa ni kunileta. Alimwambia hivyo mbele yangu, na Swabir akajibu, "Sawa, Mama, Bibi akiwa tayari."

Siku hiyo niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa dera langu jipya la maua ya zambarau, nikavaa buibui, nikafunga mtandio, nikatia kwenye pochi tasbihi, leso ya kufutia na kipande cha mkate wa kumimina kwa ajili ya baadaye. Nikaketi kitandani. Nikangoja niitwe.

Nilimsikia Swabir barazani. Nilisikia viatu vyake vipya vikilia kwenye sakafu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama nyuma ya pazia, nikamsikia akipumua. Nikajikaza nisiseme kitu. Nilijua nikimwambia niko tayari, nitakuwa nimejipeleka kwenye kisu kwa miguu yangu, na yeye atakuwa ni abiria tu. Akarudi barazani.

Tuk-tuk ikaja. Dereva ni Gedion, kijana wa bara aliyekuja kutafuta kazi ya hoteli akaishia kuwabeba wenye kazi za hoteli. Akapiga honi. Nikamsikia akiuliza, "Boss, tunaenda ama vipi? Niko na wasee wa shifti wananingoja Ukunda."

Swabir akamwambia asubiri kidogo, anamngoja bibi yake aamue.

"Kwani shosho ndio anaamua?" Gedion akauliza. Hakuwa na dharau. Alishangaa tu, kama ningeshangaa mimi.

Akapiga honi tena. Akapiga simu yake, akazungumza, akacheka na mtu. Mimi kitandani, pochi mapajani, jasho likinitoka ndani ya buibui. Nikasema moyoni, ingia basi, mwana wee, sema neno moja. Kisha nikasikia injini ikigeuka, na ule mlio wa tuk-tuk ukaenda ukipungua mpaka njia kubwa.

Jua likapanda. Nilikula ule mkate.

Twaiba alitungoja hospitalini mpaka majina yakamalizika kuitwa, akapanda gari akaja nyumbani na hasira zake zote. Alimkuta mwanawe barazani, shati limenyooshwa, viatu miguuni. Akaingia ndani akanikuta mimi nimefunga mtandio. Akatoka akamwangalia yeye, akarudi akaniangalia mimi.

"Mmevaa," akasema. "Wote wawili mmevaa, na mmekaa."

Swabir akasema alikuwa akinipa nafasi, hakutaka kunishinikiza. Nikasema kutoka ndani kwamba nami nilikuwa nikimngoja yeye. Twaiba akaketi sakafuni, pale kwenye kizingiti, akacheka. Alicheka sana, nikadhani mambo yamekwisha, kumbe kicheko kilikuwa kimegeuka kilio. Aliomba ruhusa siku ile kwa kugombana na msimamizi wake. Alitulaani wote wawili kwa adabu, kwa namna ambayo mtu anaweza kumlaani mama yake, akasema imebaki nafasi moja tu, Jumanne, kwa sababu kuna mgonjwa ameahirisha. Baada ya hapo daktari anakwenda likizo ndefu. Na Swabir alikuwa ameshapata kazi Uholanzi, tiketi imekatwa, akiondoka ndiyo kaondoka. "Jumanne ikipita," akasema, "Mama utakuwa kipofu, na wewe Swabir utakuwa Ulaya ukimheshimu."

Alasiri, Twaiba alipokuwa amelala kwa kuumwa kichwa, niliketi kwenye mbuzi nikikuna nazi. Swabir akaja, akanisogeza, akaketi yeye, akaanza kukuna. Hakuniuliza naonaje. Nikaliona hilo, hata kwa macho yale.

Nikamwuliza anaogopa nini.

Akaanza na maneno yake ya chuoni. Nikamwambia hapana, hayo nimeshayasikia, na ni mazuri, ningependa vijana wote wa hapa wayajue, hasa wale wanaowaoza dada zao bila kuwauliza. Lakini nikamwambia, "Hiyo ni heshima gani inayomwacha mtu kitandani na buibui mpaka adhuhuri? Wewe ulikuja ukasimama nyuma ya pazia. Nilikusikia. Miguu ilikuleta, ni nini kilichokurudisha?"

Alikuna nazi. Alikuna muda. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Babu nilimwua mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Ndipo akanieleza. Babu yake Iddi alipovimba tumbo, sisi hapa tulikuwa tukisuasua. Ndugu huyu anasema dawa za majani, yule anasema tungoje wiki ipite. Swabir alipiga simu kutoka Ujerumani, akatukaripia wote kama watoto. Mpelekeni leo. Msijadiliane. Nami nakumbuka vyema, nilimpenda siku ile, nikasema mume wangu amekuwa mwanamume. Tukampeleka, akapasuliwa, na siku ya tatu akafariki. Swabir hakuwahi kufika. Sisi mtu wetu akifa tunamzika siku hiyohiyo, hatumngoji aliye Ujerumani. Jirani mmoja alimshikia simu makaburini aone, wakati mchanga unatiwa chaji ikaisha.

"Kila nikisimama niseme twende," akasema, "nasikia sauti yangu ya siku ile."

Nilipaswa kulia. Mwanamke mwengine angelia. Lakini nilikuwa nimekaa tangu alfajiri ndani ya buibui, na hasira zilikuwa hazijashuka, basi zikapata mahali pa kwenda.

"Kwani wewe ndiye Izraili?" nikamwuliza. "Unatoa roho za watu kwa simu?"

Akageuza kifuu, akakuna mara mbili.

Nikamwambia babu yake alipofika hospitali utumbo ulikuwa umeshajisokota. Daktari alituambia kwamba angekaa nyumbani, asingeiona asubuhi, na angekufa akipiga kelele. Kwa kupasuliwa akapata siku tatu. Katika siku hizo tatu alinituma maji, alinung'unika kwamba uji hauna ndimu, aliniuliza kama nimefunga kuku, na usiku wa mwisho alinishika kidole hiki akalala. "Siku hizo ni wewe uliyenipa," nikasema. "Nami nilidhani unajua. Unauliza kila kitu, Swabir. Unauliza tule sasa au baadaye. Unauliza nifungue dirisha. Hilo moja hukuuliza."

Mkono wake ulikuwa umesimama kwenye kifuu.

"Niliogopa jibu," akasema.

"Haya, jibu umelipata. Sasa nisikilize. Anayesema twende anabeba lawama, ndiyo kazi yenyewe, ndiyo maana watu hawaipendi. Jicho langu likiharibika nitakulaumu. Nitakutangaza kuanzia hapa Gazi mpaka Msambweni. Nitasema mjukuu wangu aliyezunguka dunia ndiye aliyenipofua. Lakini nitakuwa nimekwenda."

"Utanilaumu kweli?"

"Sana."

Akacheka, cheko lake la zamani, linaloanzia puani. Akaendelea kukuna kwa nguvu mpya mpaka nikasikia mbuzi inakwaruza kifuu chenyewe, nikamwambia aache, ataniharibia tui kwa maganda. Alipunguza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi, labda kwa babu yake, "Jumanne, saa moja asubuhi, uwe umevaa."

"Na nikikataa?"

"Utabebwa na buibui lako."

Nikaenda kuinjika wali. Sikutaka anione uso.

Jumanne ile alinitia kwenye tuk-tuk kama mzigo wa kasha, mkono mmoja kiwikoni, mmoja kichwani nisijigonge. Kabla hatujatoka nilimsikia mlangoni akianza, "Una...," akaimeza, nikasikia kabisa inavyoshuka. Gedion alituuliza nani ameamua leo. Swabir akamwambia aendeshe.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja, Roselyne, mwanamke wa bara, mwenye mikono baridi na sauti ya ualimu. Aliuliza jina, akauliza sukari, akauliza presha. Kisha akaniuliza kama nimeamua mwenyewe kufanyiwa upasuaji. Nikamwambia ameamua mume wangu, huyu hapa.

Akamwangalia Swabir, kijana wa watu, ndevu ndio kwanza zinamshika. "Huyu ni bwana yako, mama?"

Swabir akataka kuniokoa. "Hapana, sista," akasema. "Huyu ni bibi yangu."

Sasa kwa watu wa bara bibi ni mke, basi. Nyanya yao humwita shosho, au nyanya, au cucu. Roselyne akaweka kalamu chini. Nilisikia kimya kikienda mpaka kwa wagonjwa wa benchi la pili. Twaiba, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, akafunika uso kwa mtandio, na ilibidi yeye ndiye aeleze, huku akikatwa na kicheko, nani kamzaa nani. Nilimsikia Swabir akipumua kwa shida. Kisha akasema, "Sista, yote mawili ni kweli. Mimi ni mjukuu wake na ni mume wake, nimemrithi kwa babu yangu, na ananisumbua sana." Watu wa benchi wakacheka, hata wa bara.

Roselyne alicheka pia, lakini hakuachia. Alisema hata mume akiamua, hata rais akiamua, yeye anataka kulisikia kinywani mwangu. Nakubali au sikubali?

Mungu wangu. Nilikuwa nimemsumbua mtoto wa watu, nimempotezea Twaiba siku ya kazi, nimemkimbiza Gedion, na mwisho wa safari neno likaja kuniegemea mimi vilevile. Nikageuka upande wa Swabir. Mkono wangu alikuwa ameushika, na aliushika kwa namna ambayo ningesema sikubali, nadhani angenivuta tu. Nikasema, "Nakubali." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayeitikia jina darasani.

Alinishika mpaka mlango ambao yeye haruhusiwi kupita.

Kesho yake walipobandua plasta ya jicho la kulia, cha kwanza nilichokiona ni uso wa Roselyne, mwanamke mzuri kuliko sauti yake. Nyuma yake alikuwepo Swabir. Nilikuwa sijamwona tangu arudi, nilikuwa nikiona kivuli kirefu kinachosema asante. Amekonda. Juu ya sikio la kushoto ana nywele nyeupe, kijana wa umri ule, na chini ya macho pamemwingia. Dunia yote hiyo aliyoizunguka ilikuwa imemkalia usoni, na mimi nilikuwa nikimgombeza kwa sauti tu, sina habari. Nikamwambia anyoe ndevu, zimepinda.

Nyumbani ndiyo yakawa makubwa. Niliingia jikoni nikakuta masizi yameganda kama ukoko. Buibui wenye miguu walikuwa wamejenga mitaa. Sakafu niliyokuwa nikijisifu naifagia kila siku ilikuwa na njia moja safi ya kupita mguu, na pande zote mbili vumbi. Nikatandaza mkeka niliokuwa nimeumaliza mwezi uliopita, nikijua ni wa kijani na zambarau, nikauliza ni nani aliyesuka upuuzi huu, nyekundu imeingia penye kijani na zambarau haipo kabisa. Twaiba akakumbuka ana kitu cha kuanua nje. Wote walijua, na wote walikuwa wakinisifia.

Nikafunga leso kiunoni nikachukua ufagio wa mpini mrefu. Daktari alikuwa amenikataza kuinama na kuingiwa na vumbi, lakini kutazama juu hakukataza, na buibui walikuwa juu. Nilikuwa nimeshaanza pembe ya kwanza nilipomsikia Swabir ukumbini akizungumza kwa simu. Alikuwa akimweleza mtu kwamba atachelewa kufika Uholanzi kidogo, ameshasogeza tiketi. Akakata, akapiga nyengine, nikatambua ni hospitali, kwa sababu alimwita aliyepokea sista.

"Ndiyo, la kushoto," akawa anasema. "Nimesikia daktari hajaondoka, kuna nafasi Jumatatu. Tuandikie. Hapana, hakuna haja ya kumwuliza, atakuja."

Nilitoka na ufagio mkononi. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya mtu anayekaa kwenye kochi la watu akiligawa jicho la mwenzake bila hata kumshauri, na nikayasema yote, moja baada ya jengine, nikimwona vizuri kabisa anavyocheka.